Saa ya Muadhini na Mafuta ya Cherehani

Aliyekosa gazeti la wiki jana amekosa aibu yangu moja tu, na asijali, nyingine ziko njiani. Nitamfupishia.

Jina langu ni Sufian. Ni fundi wa nguo hapa Kitale mjini, nyuma kidogo ya msikiti. Nashona kanzu, buibui na sare za shule. Mwaka jana shetani wa saa alinipanda. Sisemi saa hizi za betri. Nasema saa za zamani za kutia ufunguo, zile unazozikaza kwa vidole kila asubuhi ndipo zitembee. Nilinunua moja kwa mchuuzi aliyetoka Suam, kisha ya pili, kisha nyingine mbili, zote bovu. Nikawa nashinda na simu nikitazama video za watu wa ng'ambo wakifungua saa, na kabla ya mwezi kuisha nikajiona nami mtaalamu.

Laiti ningeishia kwenye saa zangu.

Baba mkwe wangu, Mzee Aziz, ni muadhini wa msikiti wetu mwaka wa thelathini na moja huu. Saa yake ya mkononi ni ya kutia ufunguo, na huikaza kila siku baada ya swala ya alfajiri. Nilimsumbua miezi miwili: Baba, saa hii yataka kusafishwa, nipe nikutafutie fundi. Akachoka, akanipa.

Nilienda Bungoma kwa fundi niliyesifiwa. Nikamkuta mama mmoja nyuma ya kioo, nikamwuliza, "Fundi ametoka?" Fundi alikuwa yeye. Nilipomwongezea na ushauri nilioutoa kwenye video, alinirudishia saa bila kuifungua. "Enda ufanyiwe na simu yako," akaniambia, na watu wakacheka.

Nilirudi Kitale nimefura. Nikaifungua mwenyewe juu ya meza ya cherehani, kwa bisibisi ya miwani. Magurudumu niliyaona makavu. Nikachukua mafuta ya cherehani, nikadondosha tone. Kisha nikaongeza jingine, la mapenzi.

Jumanne baada ya laasiri nikamrudishia Mzee saa yake. "Fundi wa Bungoma, mama mmoja, ameisafisha," nikamwambia. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Jioni hiyo mawingu yalikuwa yameshuka kutoka Mlima Elgon na jua halikuonekana. Mzee alitazama mkono wake, akasimama, akaadhini. Mtaa mzima ukafuturu. Tende zilikuwa tumboni tayari simu za watu zilipoanza kulia, moja baada ya nyingine, kutangaza kwamba magharibi ndiyo kwanza inaingia. Dakika kumi na moja. Tulikula mchana wa Ramadhani, na kila mtu sasa ana siku ya kulipa kwa sababu ya Mzee Aziz. Hivyo ndivyo wanavyosema. Ukweli mnao nyinyi wasomaji na mimi.

Tuingie Alhamisi.

Asubuhi ile mteja wangu wa kwanza alikuwa Hawo, muuza vitenge. Hakuja kuleta kazi.

"Nipe kitambaa changu."

"Dada Hawo, kanzu ya mzee wako nimeshaikata."

"Nipe hivyo hivyo vipande."

"Nitaimaliza kabla ya Idd, wallahi."

"Idd gani?" akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. "Wewe na baba mkwe wako mtatuambia Idd ni lini? Si mtatutoa siku tatu mapema!"

Akaondoka na mikono miwili ya kanzu chini ya kwapa. Alikuwa wa tano tangu Jumatano kunifanyia hivyo.

Nyumbani nako hakukukalika. Mke wangu Nasro ana mimba ya miezi saba na hana muda wa maneno mengi. Jumatano alinisimamisha mlangoni.

"Baba Mulki, una hakika saa ya baba uliipeleka Bungoma?"

"Nina hakika."

"Fundi aliifungua yeye?"

"Yeye."

Alinitazama kidogo, akaenda kuanika nguo. Akarudi na beseni tupu. "Nakuuliza tena. Una hakika?"

"Nasro, mbona hivyo? Si nimeshakuambia?"

"Sawa," akasema. "Lakini ujue, ukinidanganya juu ya baba yangu, mimi sikai hapa."

Nikajitia kukasirika. Mwongo akikosa jibu hukasirika, na mimi nilikasirika vizuri sana.

 Tangu Jumanne Mzee alikuwa ameivua saa, haikazi, na msikitini ameketi safu ya nyuma kama mgeni. Adhana ilikuwa ikitoka kwenye simu ya katibu wa kamati, Abdirashid, aliyekuwa akiishikilia mbele ya kipaza sauti. Jumatano katikati ya adhana mtu akampigia. Mtaa mzima tukasikia mlio wa simu yake, na hakuna aliyethubutu kucheka. Huyo Abdirashid ana miaka miwili akitaka kuweka mashine mahali pa Mzee, na sasa sababu alikuwa nayo.

Saa nne na nusu nikawaona wanakuja dukani wote wawili. Katibu alikuwa mbele, saa ya Mzee ameifunga kwenye leso. Mzee alikuwa nyuma yake, kofia ameivuta mpaka machoni.

"Kesho baada ya swala ya Ijumaa kamati inakaa," katibu akaanza bila salamu. "Mimi nimeshasema wazi. Saa haina shida, shida ni macho. Mzee Aziz hasomi tena vizuri. Apumzike, kipaza sauti tukichukue."

"Macho yangu ni mazima," Mzee akasema. "Nilisoma nilichokiona."

"Ama ulifuata redio ya Nairobi."

Asiyetoka kwetu hatajua hilo ni tusi gani. Jua la Nairobi hutangulia kuzama kabla ya la Kitale, na miaka thelathini na moja Mzee Aziz amewaonya watu: msifuturu kwa redio, ngojeni jua lenu. Kumwambia kwamba yeye ndiye aliyefuata redio ni kumtemea mate usoni. Mzee akampa katibu mgongo. Alinigeukia mimi.

"Sufian, saa uliipeleka kwa fundi?"

"Ndiyo, Baba."

"Akaifungua?"

"Akaifungua."

"Basi anajua alichofanya. Twende kwake atuambie."

Nikadakia. "Bungoma ni mbali, Baba, na umefunga. Kuna fundi hapa hapa steji ya matatu. Aitazame yeye, itoshe."

Niliona nimepata njia ya kutorokea. Ngojeni muone ilikonifikisha.

Fundi wa steji anaitwa Kipkirui, kijana wa mwavuli na sinia la mikanda ya saa. Aliipokea ile saa, akaipindua mara mbili.

"Betri yake inaingilia wapi?"

"Haina betri," nikasema. "Inakazwa."

"Ati haina betri?" Akacheka. "Sasa mnataka nitoe nini, buda?"

"Tunataka utuambie kama ni nzima," katibu akasema. "Basi."

Kipkirui akaikaza, ikaanza kugonga. Akaiweka sawa na simu yake, akaviweka vyote viwili kwenye sinia, akamwuzia mtu mkanda, kisha akavitazama tena. Pengine dakika mbili zilipita. Saa ile haina mshale wa sekunde.

"Si inatembea? Si iko sawa na simu? Hii saa ni nzima kushinda nyinyi. Hebu songeni, bana, mnanizibia wateja."

Katibu akapiga makofi pale pale steji. "Umesikia, Mzee Aziz? Nimesema mimi? Saa nzima! Macho ndiyo yamekwisha!"

Watu wakageuka. Mmoja akauliza huyu ndiye yule mzee aliyelisha watu mchana, mwingine akajibu ndiye.

Sasa hapa ndipo pa kuungama. Mimi nilijua. Dakika mbili hazionyeshi kitu. Saa iliyovuka mbele dakika kumi na moja kati ya laasiri na magharibi yataka ungoje japo saa moja uione ikikimbia. Ningesema maneno manne tu, "Ngojeni saa moja kwanza," na Mzee angesafishika mbele ya wale wale waliokuwa wakimcheka. Lakini saa ikionekana imeharibika, swali litakalofuata ni nani aliyeiharibu. Nikanyamaza.

Mzee alinitazama akingoja nimtetee. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

"Bungoma," Mzee akasema. Akaitwaa saa kwenye sinia, akaivaa mkononi, akaenda kusimama kando ya pikapu ya katibu.

"Mzee, kijana amesema ni nzima," katibu akalalamika.

"Huyu kijana hajui hata inafunguliwa wapi. Yule mama aliifungua. Nikirudi bila neno lake, kesho nitajiuzulu mwenyewe, hutahitaji kamati."

Hilo katibu alilipenda. Akatoa funguo mfukoni.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya kutoka Kitale mpaka Bungoma, nyuma ya pikapu, nimekalia magunia ya mbegu za mahindi, jua la mchana likinipiga utosini na koo kavu. Wao walikaa mbele. Tulipopita Kiminini niliwaza kuruka. Nilichoogopa si kuvunjika mguu, ila kwamba wangesimama kunisaidia.

Tuliposhuka Bungoma, Mzee hakwenda popote. Alisimama kando ya gari, akauinua mkono wake karibu na uso.

"Katibu, simu yako inasema saa ngapi?"

"Sita na ishirini."

"Yangu inasema sita na ishirini na saba." Akamnyoshea mkono. "Soma mwenyewe, usije ukasema ni macho."

Katibu akasoma. Akakigonga kioo cha saa kwa kucha, labda mshale utarudi. Haukurudi.

"Tumeiweka sawa Kitale," Mzee akasema polepole, "na njiani peke yake imekimbia dakika saba." Akainua mikono yote miwili. "Alhamdulillahi! Macho yangu ni mazima!"

Alicheka, wallahi, mzee wa watu alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akanishika bega. "Umeona, Sufian? Si macho!" Nilitamani ardhi ipasuke pale pale nizame na ndala zangu.

Simu yake ndogo ya vibonye ikalia. Alikuwa Nasro.

"Mwanangu, si macho! Ni saa!" Mzee akamwambia. "Ngoja, usikate. Tunaingia kwa fundi sasa hivi, nataka umsikie mwenyewe kwa masikio yako." Akabonyeza kitufe cha spika, akaibeba simu mkononi ikiwa wazi.

Katibu naye alikuwa na haraka yake. Mtu wa kamati akishakosea hatafuti msamaha, hutafuta mkosaji mwingine. "Kumbe ni huyu mwanamke!" akasema. "Leo atatueleza." Nikamwonyesha kibanda kwa kidole, akatangulia kwa hatua za kijeshi.

Kibanda cha Rosaline, yule fundi aliyenifukuza, ni cha mbao, kiko karibu na soko, dirisha la kioo mbele. Alikuwa ameinama, lenzi jichoni, akifanya kazi juu ya karatasi nyeupe. Hakuinua kichwa.

"Wewe ndiye uliyeharibu saumu ya Waislamu wa Kitale?" katibu akamfokea kupitia dirishani.

"Kwanza watu husalimiana," Rosaline akasema.

"Mimi sina salamu na mharibifu!"

Hapo akainua kichwa, akatoa lenzi. Akamtazama katibu, akamtazama Mzee, kisha akaniona mimi niliyekuwa nimejibanza nyuma yao.

"Aa," akasema. "Kijana wa simu."

Mzee akasogea mbele. "Mama, hatukuja kugombana. Huyu ni mume wa binti yangu. Alikuletea saa yangu wiki hii, ukaisafisha. Tangu irudi inakimbia, na mimi ni muadhini, nimewafuturisha watu kabla ya jua kuzama. Nataka tu useme ulichofanya, kwa kinywa chako, ili kesho nirudishiwe kazi yangu. Zaidi ya hapo sina kesi na wewe."

"Alisema mimi niliifungua?"

"Ndiyo."

"Mimi?" Akanielekezea kidole. "Sema tena, kijana. Nilifungua saa ya mzee?"

 "Mama, labda umesahau," nikasema. "Wateja ni wengi." Mungu anisamehe, nilisema hivyo.

Rosaline hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Leteni hiyo saa," akasema.

Mzee akaiweka simu yake juu ya meza, akaivua saa, akampa. Rosaline alipitisha kisu kidogo pembeni, kifuniko cha nyuma kikatoka. Akakigeuza upande wa ndani, akamsukumia Mzee pamoja na lenzi.

"Soma hapo, mzee. Soma kwa nguvu wasikie."

Mzee akaweka lenzi jichoni. Mle ndani kulikuwa na michoro midogo, mtu asingeiona kwa macho matupu. Mzee aliisoma bila kukwama. "M.K., sabini na tisa. M.K. tena, themanini na nane. J.W., elfu mbili na nne."

"Hao ni mafundi," Rosaline akasema. "Kila fundi akifungua saa, anachora arama yake na mwaka. Baba yangu alinifundisha hivyo kule Lugulu, na yeye alifundishwa hivyo. Ukifungua bila kuchora, wewe si fundi, wewe ni mwizi umeingia nyumba ya mtu." Akachukua saa nyingine tatu kutoka kwenye meza yake, akazifungua moja moja, akazipanga mbele ya katibu. Ndani ya kila kifuniko palikuwa na R yenye mstari chini yake, na mwaka. "Hiyo ndiyo yangu. Sasa nionyeshe yangu kwa saa ya mzee."

Katibu akachungulia muda mrefu. "Unaweza kuwa umesahau kuchora."

"Nisahau jina langu?"

 Rosaline akairudisha lenzi jichoni, akainamia matumbo ya ile saa. Akainusa. Akanusa tena.

"Hii ni mafuta ya chelehani," akasema.

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Mzee, ona huu utepe mwembamba uliojiviringa kama unywele. Huu ndio unaipa saa pumzi, inaenda polepole ama haraka kulingana na huu. Haupakwi mafuta hata kidogo. Mtu amemwaga mafuta hapa, mikunjo imeshikana, sasa inakimbia." Akaingiza koleo ndogo chini ya gurudumu. "Rakini, na hii ni nini tena?"

Akatoa kitu, akakiweka juu ya karatasi. Kilikuwa chembamba, kirefu kama ukucha, kimeloa mafuta.

"Uzi," akasema. "Uzi mweupe."

Kisha akanitazama kifuani. Nikafuata macho yake. Tangu asubuhi, kutoka dukani mpaka steji, na njia yote ya Bungoma, nilikuwa nimevaa shingoni futi yangu ya kupimia nguo.

Katibu aliitazama futi, akautazama uzi, akaitazama futi tena. "Sufian?"

Mzee hakunitazama. Aliutazama ule uzi tu. Niliona furaha aliyoshuka nayo garini ikimtoka usoni, na bado hakuinua macho. Ningeweza kuhesabu mvi za ndevu zake, kwa jinsi alivyotulia.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini?" katibu akauliza.

"Niliifungua mimi. Nyumbani kwangu iko cherehani ya marehemu mama Nasro, na mafuta yake yapo. Kijana nilimwambia aseme Bungoma. Niliona haya."

Wasomaji wangu, nimekaa na mzee huyu miaka saba na sijamsikia akidanganya hata mtoto kwa mzaha. Mtu ambaye hakuwahi kuliibia jua dakika moja alisimama mchana wa Ramadhani, na saumu yake mdomoni, akasema uongo kwa ajili yangu. Na hata uongo hakuuzoea. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Katibu alipumua kama mtu aliyetua gunia. "Nilijua tu! Macho au mikono, si ni yule yule? Basi kesho hakuna cha mkutano. Utaleta barua ya kuacha, tumalize kwa heshima."

"Nitaleta."

"Ngojeni kwanza," Rosaline akasema. "Mambo ya msikiti wenu mimi sijui. Rakini jina langu limechafuliwa Kitale nzima, ati mimi ni mharibifu. Siwezi funga hii saa hivi hivi." Akakiweka kifuniko katikati ya meza, na juu yake akaweka sindano ya chuma yenye mpini wa mti. "Aliyeifungua achore arama yake hapo, na mwaka. Wewe katibu upige picha, uende uwaonyeshe watu wako. Ndiyo nitaitengeneza."

"Ni haki," katibu akasema, na simu tayari alikuwa ameitoa.

Kisha Rosaline akanitazama mimi, si Mzee. Alikuwa anajua. Alikuwa akinipa nafasi, na hakuipamba kwa tabasamu lolote.

Mzee akanyoosha mkono, akaichukua sindano.  Alipoiweka ncha juu ya chuma, nikamshika kiganja.

"Baba," nikasema.

"Mwache achore!" katibu akafoka, simu juu.

Mzee aliinamisha kichwa karibu na changu, mdomo karibu na meza, akasema kwa sauti ya chini sana ambayo katibu asingeisikia. "Nasro ana mimba ya miezi saba, Sufian. Na ameniapia ataondoka ukimdanganya. Mimi ni mzee, nitakaa safu ya nyuma, sitakufa. Toa mkono."

Neno moja tu lilitakiwa. Nilikuwa nalo kinywani, nilikuwa nausikia uzito wake ulimini. Nikamfikiria Nasro na beseni lake tupu. Nikamfikiria Hawo akitangaza barabarani, na wale wanne wengine walioondoka na vitambaa, na mtoto ambaye hajazaliwa.

Nikautoa mkono.

Sindano ikalia kwenye chuma. Mzee akachora mguu mmoja wa herufi A, akavuta pumzi, akauanza wa pili.

"Baba."

Sote tukashtuka. Sauti ilitoka mezani, kwenye ile simu ndogo ya vibonye ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba haijakatwa.

"Baba, weka hiyo sindano chini," Nasro akasema. Hakuwa analia. "Jumatatu nilipita dukani kuchukua vifungo. Nilisimama mlangoni na yeye hakuniona, alikuwa ameinamia saa yako na kopo la mafuta mkononi. Nilimwona."

"Nasro," nikasema, "nisikilize..."

"Nimekuuliza mara tatu," akasema. Kisha tukasikia mtoto wetu Mulki akicheza nyuma yake. "Baba, katibu yuko hapo karibu?"

Katibu akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya simu. Alichoambiwa mtakisoma wiki ijayo.